Mtelezo wa Kidole kwenye Banjo: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Mtelezo ni ufundi wa kubana uzi kwenye freti moja (freti ni vijiti vyembamba vya chuma vinavyokatiza shingo ya banjo), kuupiga mara moja tu kwa mkono wa kulia, kisha kukisogeza kidole kwenye uzi huohuo bila kukiinua mpaka kifike kwenye freti nyingine, ili noti ya pili isikike bila kupigwa upya. Ukisomwa hivyo unaonekana mwepesi. Hata hivyo, wanaojifunza banjo hurudi na malalamiko yaleyale: sauti inakufa njiani, noti ya mwisho inavuma kama nyuki, wimbo unachechemea kila mtelezo unapofika.

Malalamiko hayo karibu yote yana mzizi mmoja. Banjo hutoa sauti kali kwa ghafla na kuipoteza upesi, kwa sababu ngozi yake, iwe ya mnyama au ya plastiki, humaliza nguvu ya uzi kwa muda mfupi sana ikilinganishwa na ubao wa gitaa. Anayeteleza hana akiba ya sauti, na kila kosa dogo la mkono husikika papo hapo.

Mifano ya hapa ni ya banjo ya nyuzi tano iliyotuniwa G, yaani uzi wa kwanza D, wa pili B, wa tatu G, wa nne D, na ule mfupi wa tano G ya juu. Mtelezo nitakaourudia mara nyingi ni ule ambao wengi huanza nao: uzi wa tatu, kutoka freti ya pili hadi ya nne, kwa kidole cha kati cha mkono wa kushoto.

Kipimo cha kwanza kabla ya yote

Usiguse skrubu yoyote kabla ya kufanya jambo hili. Tuni banjo upya. Kisha bana uzi wa tatu kwenye freti ya pili, upige, na usikilize mpaka sauti iishe. Bana freti ya tatu, fanya vivyo hivyo, halafu ya nne. Ikiwa noti zote tatu ni safi kidole kinapotulia, banjo yako haina kosa katika eneo hilo, na tatizo liko mkononi. Ikiwa mojawapo inavuma au inazimika hata kidole kikiwa kimetulia, hakuna mazoezi yatakayoiponya, na unapaswa kwenda moja kwa moja kwenye sehemu inayohusu noti inayovuma. Nimeona watu wakitumia wiki nzima kulaumu vidole vyao kwa sababu ya freti iliyochimbika, na wengine wakinunua daraja jipya, yaani kile kibao kidogo kinachoinua nyuzi juu ya ngozi, ilhali kidole tu ndicho kilicholegea.

Dalili: sauti inakufa kabla kidole hakijafika

Hili ndilo tatizo linaloripotiwa kuliko yote, na chanzo chake cha kawaida ni kulegeza mbano wakati kidole kikiwa safarini. Mwili hufanya hivyo bila kuombwa, kwa kuwa kitu kinachosukumwa kwa mbele tunazoea kukipunguzia uzito ili kisogee. Uzi unapoachana na freti hata kidogo, mtetemo wake huzimwa na nyama ya kidole, na noti ya pili haina kitu cha kuendeleza. Kwenye banjo yenye shingo ya kawaida, umbali kati ya freti ya pili na ya nne ni takriban milimita 65, na mbano unatakiwa ubaki uleule katika milimita zote hizo.

Namna ya kujipima ni hii. Piga uzi kwenye freti ya pili, teleza mpaka ya tatu na usimame hapo. Je, noti ya kati inasikika? Ikisikika, piga tena na uteleze kutoka ya tatu hadi ya nne. Sehemu ambayo sauti inapotea ndiyo sehemu unayolegeza kidole. Wengi hugundua kwamba wanapoteza sauti palepale mwanzoni, kidole kinapoanza kujivuta, wala si mwishoni kama walivyodhani. Rudia kipande hicho pekee, polepole, huku ukisikia kwa ncha ya kidole jinsi kila freti inavyopita chini ya uzi kama ngazi ndogo. Ukiacha kuzihisi ngazi hizo, umeshalegeza.

Chanzo cha pili ni kuchelewa kuanza. Mwanafunzi hupiga uzi, husubiri ajiridhishe kwamba umelia, kisha ndipo huteleza, na kufikia hapo nguvu kubwa ya uzi imekwisha. Teleza wakati noti ingali changa. Chanzo cha tatu ni pigo hafifu la mkono wa kulia: risha ya kidole gumba, yaani kijikucha kinachovaliwa kidoleni, ikigusa tu uzi badala ya kuupita kwa uhakika, hakuna mbano wa mkono wa kushoto utakaookoa noti ya pili.

Chini ya hapo zipo sababu za ala yenyewe. Nyuzi zilizoota kutu hukamata ngozi ya kidole na kukifanya kiruke. Zipitishie kitambaa kikavu, na zikiwa bado zinakwaruza, zibadilishe. Ngozi ya banjo iliyolegea nayo hudhoofisha sauti, ingawa katika hali hiyo noti zote zitasikika kama zimefunikwa blanketi, si zile za mtelezo peke yake.

Ninatoa onyo moja hapa. Anayeambiwa abane zaidi kwa kawaida huongeza nguvu kwa kidole gumba nyuma ya shingo, mpaka kiganja kizima kinakuwa kama jiliwa. Mkono uliojifunga hivyo hauwezi kusafiri. Nguvu ya kuteleza itoke kwenye mkono kuanzia kiwiko, na gumba lisogee kwa wepesi pamoja na vidole vingine, au libaki palepale likiwa limelegea ikiwa mtelezo ni wa freti moja tu.

Dalili: noti ya mwisho inavuma kama nyuki

Mara nyingi kidole kimesimama mapema. Mahali pazuri pa kusimama ni nyuma kidogo ya freti unayoiendea, karibu sana nayo. Ukisimama katikati ya nafasi, mbano uliotosha mwanzoni hautoshi tena, na uzi unaanza kugongagonga chuma. Ukipita mpaka kidole kikakalia freti yenyewe, noti husikika imezibwa, kavu, bila mwangwi. Tiba ya makosa haya mawili ni macho: acha kuangalia kidole, tazama freti unayoiendea kabla hujapiga uzi. Mkono hufuata jicho.

Kumbuka pia kwamba nafasi za freti hupungua kadiri unavyopanda shingo kuelekea kwenye ngozi. Mtelezo wa freti mbili unaochukua milimita 65 chini huchukua takriban milimita 36 tu kati ya freti ya 12 na ya 14, na ndiyo maana mtu aliyezoea kuteleza chini hupitiliza akifika juu.

Ikiwa noti inavuma hata kidole kikiwa kimetulia mahali pake, angalia ala kwa utaratibu huu.

Kwanza, urefu wa nyuzi. Pima mwanya kati ya uzi na freti ya 12. Kwa banjo nyingi takriban milimita 3 hufaa. Mwanya ukiwa mdogo sana, angalia kama ngozi imelegea, kwa maana ngozi ikilegea daraja huzama na nyuzi zote hushuka nalo. Ngozi ya mnyama hulegea hewa ikiwa na unyevu na kukaza hewa ikikauka, kwa hiyo banjo ya aina hiyo inaweza kuvuma asubuhi na kuwa nzima mchana. Ngozi ya plastiki iliyolegea unaweza kuikaza mwenyewe: zungusha nati ya kila ndoano, yaani vile vyuma vinavyoivuta ngozi kuzunguka duara la banjo, kidogo sana, chini ya robo mzunguko, ukihama kutoka ndoano moja kwenda ile inayotazamana nayo upande wa pili, mpaka umezimaliza zote kwa usawa. Nati ikikataa kuzunguka, iache. Kulazimisha nati moja kunaweza kupasua ngozi au kuharibu meno ya skrubu.

Pili, freti zenyewe. Legeza uzi wa tatu, usogeze pembeni, na utazame freti ya pili, ya tatu na ya nne kwenye mwanga unaotoka ubavuni. Kishimo kinachoonekana chini ya njia ya uzi ni dalili ya kuchakaa, na huanzia katika freti hizi za chini kwa sababu ndizo zinazotumika zaidi. Freti iliyoinuka kidogo nayo huleta mvumo, ila mvumo huo utausikia kwenye noti iliyo nyuma yake.

Tatu, shingo. Bana uzi wa kwanza kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha angalia katikati. Panatakiwa pawe na mwanya mwembamba sana, karibu robo milimita. Usipokuwepo kabisa, shingo imenyooka mno au imejikunja kwa nyuma.

Hapa ndipo pa kusimama. Kusawazisha au kubadilisha freti, kurekebisha pembe ya shingo kwa vyuma vilivyo ndani ya duara la banjo, na kugeuza fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo ni kazi za fundi wa ala za muziki. Fimbo hiyo ikikatika, ukarabati wake unaweza kuhitaji kung'oa ubao wa freti. Ikiwa shingo ina ufa kwenye kiungo chake, legeza nyuzi na upeleke ala kwa fundi bila kuendelea kuipiga.

Dalili: kidole kimefika, lakini noti haina tuni

Faida ya mtelezo wa freti ya pili hadi ya nne ni kwamba una kipimo chake ndani yake. Uzi wa tatu kwenye freti ya nne ni B, na uzi wa pili usiobanwa ni B ileile. Teleza, kisha upige uzi wa pili mara moja. Noti mbili zikiwa sawa hutulia zikawa kama moja. Zikitofautiana, utasikia wimbi linalopanda na kushuka kati yao.

Ikiwa noti ya mtelezo imepanda, mshukiwa wa kwanza ni kidole kinachovuta uzi kuelekea pembeni. Nyuzi za banjo ni nyembamba na mvutano wake si mkubwa, kwa hiyo kuusukuma uzi kando kidogo tu hupandisha noti. Tazama kidole kikiwa kimefika freti ya nne: je, uzi wa tatu bado umenyooka, au umejipinda kuelekea wa nne? Ukiona umejipinda, njia ya mkono wako haiendi sambamba na shingo, na kwa kawaida ni kwa sababu kiwiko kimebanwa kwenye mbavu. Kiachie nafasi. Kukandamiza kupita kiasi nako hupandisha noti, hasa kwenye banjo yenye freti zilizoinuka sana. Ili kupata kiasi cha kutosha, bana uzi kwa ulegevu mpaka uvume, kisha ongeza mbano kidogokidogo hadi uwe safi, na usiongeze tena.

Ikiwa noti haina tuni hata bila kuteleza, chunguza daraja. Daraja la banjo halikugundishwa. Limeshikiliwa na mvutano wa nyuzi tu, na linaweza kusogea ukiligonga au ukibadilisha nyuzi zote kwa pamoja. Gusa uzi wa kwanza kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubana, upige ili utoe ile sauti nyembamba ya kengele, kisha ubane kwenye freti hiyohiyo na uupige. Noti ya kubanwa ikiwa imepanda kuliko ya kengele, sogeza daraja kidogo kuelekea mkia wa banjo, pale nyuzi zinapofungwa. Ikiwa imeshuka, lisogeze kuelekea shingoni. Legeza nyuzi kiasi kabla ya kulisogeza, lakini usizilegeze zote kabisa, kwani daraja litaanguka. Rudia kwa uzi wa nne. Noti za uzi wa tatu zina tabia ya kupanda tuni kidogo kwenye daraja lililonyooka, na ndiyo sababu kuna madaraja yaliyochongwa kwa kufidia kasoro hiyo. Mimi ningelifikiria daraja la namna hiyo baada tu ya kuhakikisha kwamba kidole hakivuti uzi.

Dalili: wimbo unachechemea kila mtelezo unapofika

Tatizo hili huwachosha watu kuliko mengine, kwa kuwa mtelezo wenyewe ukiwa peke yake ni mzuri, ila ukiingizwa kwenye roli, yaani ule mpangilio wa kurudiarudia wa gumba, shahada na kidole cha kati vya mkono wa kulia, mambo yanavurugika.

Kwa kawaida kinachotokea ni kwamba mkono wa kulia unausubiri wa kushoto. Gumba hupiga uzi wa tatu, kidole cha kushoto huanza safari, na shahada, badala ya kupiga uzi wa pili kwa wakati wake, hungoja mtelezo ukamilike. Kungoja huko ni kufupi sana, lakini msikilizaji huona kama mtu aliyejikwaa. Mkono wa kulia haupaswi kumngoja yeyote. Katika roli ya mbele, yaani ile inayoanza na gumba, kisha shahada, kisha kidole cha kati, gumba likipiga uzi wa tatu, noti inayofuata ya shahada ndiyo muda wa mwisho wa kidole cha kushoto kufika freti ya nne. Zikikutana barabara, B mbili husikika kwa pamoja kama noti moja nene, na sikio linaridhika.

Ili kurekebisha hilo, weka metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika na upige noti mbili kwa kila pigo. Piga roli mara nne bila mtelezo wowote, uzi wa tatu ukiwa umebanwa freti ya nne tangu mwanzo. Mara nne zinazofuata, piga roli ileile kwa mtelezo. Mkono wa kulia usijue kama kuna kilichobadilika. Ikiwa unajikwaa, punguza mapigo. Ikiwa roli kumi mfululizo zimetoka sawa, ongeza mapigo manne au matano. Usiongeze kwa sababu umechoshwa na mwendo mdogo.

Kosa lililo kinyume chake ni kukimbiza mtelezo hadi noti ya kwanza isisikike kabisa. Hapo msikilizaji haupati mtelezo bali anasikia freti ya nne yenye mwanzo mchafu. Katika mtelezo wa freti ya pili hadi ya tatu, ambao kwa kawaida hupigwa haraka zaidi, kosa hili ni rahisi kulifanya. Noti ya kuanzia lazima iwe na uhai wake, hata kama ni mfupi.

Dalili: kelele zisizotakiwa

Uzi wa pili ukizimika wakati wa mtelezo, kidole kimelala mno na nyama yake inaugusa; kisimamishe na ukate ukucha ukiwa mrefu. Mlio wa kukwaruza kwenye uzi wa nne hutokana na ule waya uliozungushwa juu yake, na hauondoki wote. Hupungua ukitumia sehemu laini ya ncha ya kidole na ukikiinua kidole moja kwa moja juu baada ya noti kuisha, badala ya kukiburuta kurudi ulikotoka. Mlio mkali wa uzi usiobanwa kidole kinapoondoka ni dalili kwamba unauchuna uzi bila kukusudia. Ikiwa ncha za freti zinakukwangua ubavu wa kidole, mbao zimesinyaa kwa ukavu wa hewa, na fundi atazipiga tupa kwa muda mfupi.

Dalili: mtelezo wa kurudi chini hautoki

Kuteleza kutoka freti ya nne kwenda ya pili ni kugumu zaidi, kwa kuwa mkono unaporudi una mazoea ya kupumzika. Vyanzo ni vilevile, cha kwanza kikiwa kulegeza mbano. Jifunze kwanza kutoka ya tatu kwenda ya pili, na ubane freti ya pili hata baada ya kufika, kwa muda unaotosha kusikia noti ikiisha yenyewe.

Dalili: maumivu

Ncha za vidole kuuma katika majuma ya mwanzo ni jambo la kawaida, kwa kuwa mtelezo husugua ngozi kuliko kubana kwa kawaida. Fanya mazoezi ya dakika kumi mara kadhaa kwa siku badala ya saa nzima mfululizo. Ngozi ikitoka lengelenge au ikipasuka, pumzika hadi ipone. Kuteleza kwenye uzi wa chuma kwa jeraha lililo wazi kunakaribisha maambukizi.

Maumivu ya kifundo cha mkono, kiwiko au bega si sehemu ya kujifunza. Angalia kwanza kama gumba linakaba shingo, kama kifundo kimekunjwa sana, na kama mkono wa kushoto unabeba uzito wa banjo unaopaswa kubebwa na mkanda. Vaa mkanda hata ukiwa umeketi. Ukihisi ganzi, vidole kuchomachoma kama sindano, uvimbe, au maumivu yanayobaki hata baada ya siku kadhaa za kupumzika, acha kupiga na umwone daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo. Mtu akikushauri uvumilie ganzi mpaka izoeleke, usimsikilize.

Kwa wanaoteleza kwa bomba la kioo au chuma

Wapo wanaovaa bomba kidoleni badala ya kuteleza kwa kidole kitupu, na dalili zao hugeuka kinyume. Bomba likigonga freti, wanakandamiza mno, kwa sababu bomba hutakiwa kulala juu ya uzi bila kuushusha. Noti ikiwa chini ya tuni, bomba limesimama nyuma ya freti kama kidole kinavyosimama, ilhali linatakiwa kuwa juu yake barabara. Mlio wa ziada nyuma ya bomba huzimwa kwa kulaza kwa wepesi kidole kingine upande wa vigingi vya kutunia. Ikiwa linagonga hata kwa mguso mwepesi, nyuzi ziko chini mno kwa kazi hiyo, na daraja refu zaidi, kwa mfano la milimita 17.5 badala ya 16, litasaidia. Lakini ukishaliweka, kidole kitupu nacho kitahitaji mbano mkubwa zaidi, kwa hiyo anayetaka kuendelea na njia zote mbili kwenye banjo moja achague urefu ulio katikati, na apime tena mahali pa daraja kwa sauti ya kengele kwenye freti ya 12.